Gati Nyamburi, Baba wa Mniko

Katika watu wote niliowahi kuwapimia pamba, hakuna aliyenikera kama Gati Nyamburi. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika pale Manyamanyama, Bunda, na kila msimu, watu wakiwa wamepanga foleni na magunia yao, yeye alifika na gunia kichwani na jiwe mkononi. Lilikuwa jiwe la mtoni, jeusi, ukubwa wa kibuyu kidogo. Alikuwa amelipima kwa mapadri akaambiwa lina kilo nne kamili. "Kwanza jiwe, karani," alisema kila mara, wala hakunisalimu kabla ya hapo. Mshale ukisimama kwenye nne, ndipo alipolitua gunia. Usiposimama, foleni nzima ilingoja mpaka nirekebishe mzani. Watu walicheka, wengine walinuna, na mimi nilinuna kuliko wote, kwa sababu kusema kweli mara mbili au tatu mshale haukusimama kwenye nne.

Ndivyo alivyokuwa. Kwa jirani aliyanusa maji kabla ya kunywa. Mwaka wa Uhuru, tulipokuwa tunacheza ngoma mpaka vumbi linatanda, alinijia akaniuliza kama huo Uhuru umeandikwa mahali, na ni nani aliyeweka dole gumba. Nilimcheka. Baadaye nilisikia kisa chake nikaacha kucheka. Alizaliwa Butiama, akaolewa huku kwetu, na mumewe alipofariki, shemeji zake walimletea karatasi wakamwambia ni ya kodi, aweke dole. Akaweka. Kumbe ameuza ng'ombe sita wa marehemu. Tangu siku hiyo karatasi na nyoka kwake vilikuwa kitu kimoja.

Sasa, Gati alikuwa amezaa mabinti watatu tu, na wote waliolewa mbali. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume, kwetu, ni nyumba inayozimika. Lakini wazee wetu hawakuwa wajinga, walikuwa na njia. Mwanamke wa namna hiyo huchukua ng'ombe wa mahari ya binti zake, akaoa mke. Ndiyo, mwanamke anaoa mwanamke. Huitwa nyumba ntobu, na mtu yeyote wa Mara akisikia hivyo hashtuki. Mke akizaa, mtoto ni wa mwenye ng'ombe. Mwanamume aliyepita hapo usiku hupewa pombe na jogoo, akaenda zake, na hana la kudai.

Gati akatoa ng'ombe wanane Bugwema, akamwoa Dorkas. Dorkas alikuwa msichana mpole mwenye meno ya mwanya, asiyeongea mpaka aulizwe mara mbili. Aliyepita usiku alikuwa Luhende, mchuuzi wa ng'ombe wa Mugeta, bwana wa maneno mengi na kofia ya pama. Akazaliwa Mniko. Ziko nyumba ambazo mtoto wa hivyo humwita mwoaji bibi. Gati hakuutaka ubibi. Alitaka aitwe baba, na Mniko alimwita baba tangu alipojua kufungua mdomo. Sisi wote tulizoea. Ukimkuta kijana njiani ukamuuliza, "Baba hajambo?" ulijua unamuulizia nani.

Mwaka sabini na moja Mniko alipata kazi. Kampuni moja ya kuchimba visima, yenye makao yake Nakuru nchini Kenya, ilifungua ofisi Musoma mjini, ikawa inachimba huku na huko mpakani. Mniko akaniletea fomu ya ajira. Nikaijaza pale pale juu ya meza ya mzani, kwa mwandiko wangu ulioinama kushoto, maana mimi huandika kwa mkono wa kushoto na walimu walinichapa bila mafanikio.

"Jina la mama?"

"Dorkas."

"Jina la baba?"

Mniko akacheka. "Karani nawe! Si unamjuaga?"

Nikaandika: Gati Nyamburi. Chini kulikuwa na mahali pa bima, nani alipwe kama mfanyakazi akifa kazini. "Baba," alisema Mniko. Nikaandika baba. Sikufikiri hata kidogo. Ningeandika nini kingine?

Mwaka sabini na tatu mnara wa kuchimbia ulianguka karibu na Migori, ukamwangukia Mniko. Walimleta kwenye gari la kampuni, amefungwa kwenye turubai. Gati alimzika ubavuni mwa zizi, mahali anapozikwa mtoto wa kiume wa mji. Hakulia mbele za watu. Alisimama na fimbo yake akiwaangalia wachimba kaburi kana kwamba nao watamwibia udongo. Luhende hakuonekana, siku hiyo ilikuwa ya mnada.

Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Vijiji. Gati na Dorkas wakahamishiwa kijijini, karibu na ghala letu, na kaburi likabaki kule kwenye mahame peke yake. Gati alienda kulipalilia kila Jumapili wengine walipokuwa kanisani.

Hapo ndipo barua za bima zilipoanza kuja, na hapo ndipo mimi ninapoingia kwenye ubaya. Nitalisema mapema, nisije nikaonekana nalificha tena.

Gati hakujua kusoma, Dorkas naye hivyo hivyo. Barua ikija, Gati aliniletea mimi. Yule yule asiyeuamini mzani wangu aliuamini mdomo wangu, kwa kuwa alisema mtu anayesoma kwa sauti mbele ya watu hawezi kuiba. Barua ya kwanza ilikuwa ya rambirambi. Ya pili ilimwita "Bwana Gati Nyamburi" afike ofisi ya Musoma na kitambulisho. Nikamsindikiza.

Mwakilishi wa kampuni pale Musoma aliitwa Mihayo, kijana wa suti ya Kaunda, msafi kama sahani. Alimtazama Gati, akanitazama mimi, akamrudia Gati.

"Shikamoo mama. Mzee mwenyewe yuko wapi?"

"Marahaba. Mzee yupi?"

"Mume wako. Bwana Gati."

"Mume wangu alikufa zamani. Gati ndiyo mimi."

Mihayo akaishika ile fomu kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaigeuza tena. Nilimwona usoni. Ndani ya dakika moja sisi tulikuwa wezi. Alituambia kwa adabu kwamba atawaandikia wenye bima Nairobi, na njia nzima ya kurudi Bunda nilikuwa natoka jasho kwenye basi lenye madirisha wazi.

Barua ya tatu ilikuwa ya Mihayo mwenyewe, kwa Kiswahili safi. Ilisema hivi: watu wa bima wanasema mkataba ni wa Kenya, mwenye madai aende Nairobi; tena wanasema fomu ina udanganyifu, kwa kuwa baba aliyetajwa ni mwanamke. Mpaka hapo nilisoma yote. Kisha palikuwa na mstari mmoja chini. "Aliyejaza fomu hii ajitokeze aape mbele ya hakimu alikusudia nini. Akifanya hivyo, jambo hili linaweza kuisha bila kesi."

Huo sikuusoma.

Nililiogopa neno udanganyifu. Nilikuwa na mke, watoto sita na kazi ya kalamu, na miaka ile makarani walikuwa wakipelekwa ndani kwa mambo madogo kuliko hayo. Nikakunja barua nikasema, "Basi, ndiyo hayo tu." Gati akaniangalia kidogo, akaichukua, akaitia kwenye kikapu chake chenye kufuli ya kamba aliyoifunga mafundo anayoyajua mwenyewe.

Luhende akanusa. Akaenda Musoma na kofia yake, akamwambia Mihayo kwamba Mniko ni damu yake, na kama wanatafuta baba mwenye ndevu, ni huyu hapa. Watu wa bima wakafurahi, si kwa kumpenda. Wawili wakigombania ubaba, wao wangekaa na fedha yao. Kwa Gati fedha ilikuwa jambo la nyuma. Luhende akiandikwa kuwa baba, maana yake Gati hakuwahi kuwa na mtoto wa kiume. Ng'ombe wanane wangekuwa wamenunua upepo, na lile kaburi kwenye mahame lingekuwa la mgeni.

"Karani," Gati aliniuliza siku moja, "Luhende amejuaje mambo ya barua? Nani amemwambia?"

Umbeya haukosi kusambaa, mji mzima ulijua. Ningeweza kumjibu hivyo. Lakini mtu mwenye siri hupenda macho ya watu yaelekee kwingine. Nilikuwa nimeona jambo. Kila Jumanne na Alhamisi mchana Dorkas alipita nyuma ya ghala letu akienda haraka, ameficha kitu chini ya kanga, akiangalia nyuma.

"Mama Gati," nikasema, "mke wako anaendaga wapi Jumanne?"

Akakivuta kikapu chake karibu.

"Mimi sisemi kitu. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

Nilimwambia hivyo, mimi, nikiwa nimekaa hapo hapo kwenye nguo yake.

Tangu siku ile Gati alikataa kula ugali wa Dorkas. Aliweka mafiga yake upande wa pili wa nyumba, akapika mwenyewe, na chumvi akaifunga kwenye pindo la shuka. Dorkas alimsogezea maji ya kunawa, akayamwaga. Jirani yao alinieleza kwamba Dorkas alijaribu mara mbili kumwambia jambo, akiwa amepiga magoti, "Mzee, naomba unisikilize," na Gati akageukia ukuta. Miezi minane waliishi hivyo, nyumba moja, mioshi miwili. Nami nilipita pale kila siku nikayaona macho mekundu ya Dorkas, nikajiambia kwamba huenda kweli anamwendea Luhende. Nilikuwa nimeanza kuuamini uongo wangu, na huo ndio ugonjwa wake.

Wakili mmoja wa Mwanza alikubali kuichukua kesi, alipwe tukishinda. Mahakama Kuu ikaja kukaa vikao Musoma mwezi wa kumi, mwaka sabini na tano. Tulipanda basi asubuhi. Gati alikaa mbele, Dorkas nyuma kabisa, na mimi katikati. Tulipofika tukapata habari ya kuumiza: Dorkas ameitwa kama shahidi, na aliyemwita si wakili wetu. Ni wakili wa bima. Gati alisikia, akaketi kwenye benchi akaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Umeona?" akaniambia. "Ulisema kweli, karani."



Jaji alikuwa mtu mwembamba, mwenye kikohozi, aliyeandika kila kitu kwa mkono na kuinua kidole ukimkimbiza. Gati aliulizwa yeye ni nani kwa marehemu. Wakili wetu alikuwa amemwomba tangu Mwanza aseme tu "mlezi", neno laini lisilomshtua mtu. Gati akajibu, "Baba yake." Watu wa mjini wakacheka ukumbini. Jaji akainua kidole, wakanyamaza. Luhende naye akapanda, akaapa, akazungumza juu ya damu mpaka ukadhani anauza nyama.

Kisha Dorkas. Alipanda kizimbani akiwa ameshika kanga kifuani kwa mikono yote miwili.

"Ni nani aliyekuzalisha Mniko?" akauliza wakili wa bima.

"Luhende."

Ukumbi ukaguna. Gati aliinamisha kichwa mpaka kipaji cha uso kikagusa fimbo. Wakili akamgeukia Jaji akitabasamu. "Kwa hiyo, Mheshimiwa, shahidi amethibitisha kwamba baba wa marehemu ni Luhende."

"Hapana," alisema Dorkas, na hakuwa ameulizwa hata mara moja. "Umeniuliza aliyenizalisha. Baba yake hujaniuliza."

Jaji akaacha kuandika. "Basi nauliza mimi. Baba yake ni nani?"

"Ni yule pale mwenye fimbo. Ndiye alitoa ng'ombe kwetu Bugwema. Mniko akiumwa, yeye ndiye alikuwaga anambeba mpaka kwa mapadri. Yeye alimtahirisha, yeye alimzika. Luhende siku ya kuzika alikuwa mnadani, na ukimuuliza atakwambia ng'ombe walikuwa bei gani." Akavuta pumzi. "Mheshimiwa, mimi nilikubali kuitwa na hawa kwa sababu nyumbani sisikilizwi. Nina karatasi."

Akafungua kanga. Kitu alichokuwa akikificha Jumanne na Alhamisi kikatokea: kitabu cha kisomo, kile cha watu wazima, kimechakaa pembe zote. Alikuwa akienda darasani kwenye jengo la chama cha siasa, kwa siri, kwa sababu Gati hakutaka karatasi nyumbani kwake. Na ndani ya kitabu ilikuwemo barua ya tatu ya Mihayo, aliyoitoa kwenye kikapu Gati alipokwenda kaburini, akayajifunza na mafundo yale.

"Nilikuwa namshuku anayetusomeaga," alisema. "Barua ina mistari mingi, yeye anasoma kidogo. Nikasema nitajifunza nihakikishe mwenyewe."

Akasoma. Alisoma kwa kuweka kidole chini ya kila silabi, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. A-li-ye-ja-za fo-mu hi-i. Ilimchukua muda mrefu, na ukumbi mzima ulimngoja. Alipomaliza akainua uso. "Aliyejaza ni Clementi, karani wa pamba. Mwanangu aliniambia mwenyewe. Yupo hapa, amekaa pembeni ya mzee wangu."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa hatua kumi na mbili tu, kutoka benchi hadi kizimbani.

Jaji alinionyesha fomu. Nilikiri mwandiko. Akaniuliza kwa nini nilimwandika mwanamke kuwa baba, nani alinipa rushwa. "Mheshimiwa, hakuna," nikasema. "Kijana aliniambia baba, na sisi wote tunajua baba yake ni nani. Ningeandika jina la Luhende, Manyamanyama nzima ingesema nimeandika uongo." Akauliza kwa nini basi nilificha mstari. Nikajibu kwamba niliogopa jela. Akakohoa, akasema, "Uoga wako, karani, umewagharimu hawa mama wawili kitu ambacho mahakama hii haiwezi kukirudisha." Kisha akaandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza, na sijawahi kusikia aibu ya namna ile.

Hukumu ilisomwa mwezi wa kumi na mbili. Jaji alisema kijana aliajiriwa Musoma, karatasi ikajazwa Bunda, na wategemezi wake wanaishi hapa, kwa hiyo mtu asitumwe Nairobi kutafuta haki iliyozaliwa Mara. Kuhusu ndoa za kimila, alisema hakuulizwa na hatazihukumu. Lakini neno baba kwenye fomu lisomwe kama walivyolielewa aliyelitamka na aliyeliandika, na ushahidi unaonyesha wote wawili walimaanisha mtu mmoja, naye ni Gati Nyamburi. Bima ilipe. Luhende alivaa kofia akatoka kabla ya neno la mwisho.

Gati hakupiga kigelegele. Karani wa mahakama alipompa nakala, mimi kwa mazoea nilinyoosha mkono niisome. Akanipita kana kwamba mimi ni nguzo. Akaenda mpaka aliposimama Dorkas, akasimama mbele yake, na yule mwanamke asiyejua kuomba radhi alitafuta maneno.

"Mwanangu alikuwa na mama," alisema hatimaye. "Nisomee."

Walikaa kwenye ngazi za mahakama. Ilikuwa kurasa tisa za Kiingereza, na Dorkas hakuweza kusoma isipokuwa majina. Akayasoma hayo. Kila lilipotokea jina la Gati au la Mniko aliweka kidole akalitamka, na Gati akaitikia, "Ehe." Basi la mchana likawaacha, wakapanda la jioni.

Fedha ilipokuja walinunua saruji wakalijengea kaburi kule kwenye mahame. Dorkas aliandika kwa kijiti kabla haijakauka: MNIKO GATI. Herufi ya N aliigeuza, nayo ipo vile vile hadi leo.

Mwezi wa tano uliofuata serikali ilivifuta vyama vya ushirika. Mimi nikabaki karani wa kijiji, mzani ule ule, meza ile ile. Msimu ukafunguliwa, foleni ikapangwa, na nikamwona Gati anakuja na gunia, Dorkas nyuma yake. Hakuwa amenisemesha tangu Musoma. Nilijiandaa kwa jiwe, lakini mikono yake ilikuwa mitupu.

"Jiwe liko wapi leo, mama?" nikauliza, nikijaribu kutabasamu.

"Nimeliacha nyumbani, linazuia mlango." Akalitua gunia juu ya mzani. "Miaka yote hiyo, karani, nilikuwa napimaga chuma. Chuma hakikuniibia mtoto."

Foleni yote ilisikia. Niliangalia mshale, nikasema kilo thelathini na moja. Gati hakusogea, akamngoja mkewe. Dorkas akainama, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma polepole, kisha akatikisa kichwa kukubali, na mimi nikaandika.